Mwelekezi wa Jumamosi: kutengeneza filamu Kericho na Bomet bila kuvuruga pesa ya nyumba

Jumatatu hadi Ijumaa ni mwalimu, mwenye duka, mpiga picha za harusi au mkulima wa majani chai. Jumamosi ni mwelekezi wa filamu. Hana studio, hana kampuni kubwa nyuma yake, na mara nyingi mwigizaji wake mkuu ni binamu yake. Tukisema mtengenezaji filamu wa kujitegemea katika kaunti za Kericho na Bomet, tunamaanisha mtu wa namna hii.

Hapa huwa tunaongea juu ya pesa ya duka, pesa ya chama na karo ya watoto. Leo tunaongea juu ya filamu, na kuna sababu. Filamu ndogo ni biashara ya malipo madogo madogo mengi: nauli ya matatu, chakula cha mchana, posho ya waigizaji, kukodi kamera, kumlipa anayehariri. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ianze nchini mwezi wa Machi 2007, malipo ya aina hii yamehamia kwa simu. Yakipangwa vizuri, filamu inaisha na watu wanakubali kurudi kwa filamu ya pili. Yasipopangwa, kazi inabaki kwa memori kadi, marafiki wananuna, na karo ya Januari inaanza kutafutwa kwa mkopo.

Kwa hivyo kama una hadithi unayotaka kurekodi, soma hadi mwisho. Hata kama huna, lakini jirani yako amekuomba uigize, sehemu ya posho na ile ya matapeli zinakuhusu.

Mkulima aliyeshika kamera

Tuanze na Mkenya mmoja ambaye si wa ukanda wa chai, lakini kazi yake ina funzo kwetu. Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui. Kwa miaka kadhaa alirekodi maisha ya familia yake na kijiji chake: ukame, mvua iliyokuja kwa fujo, dhoruba iliyoharibu nyumba yake, na juhudi zake za kuwashawishi majirani wapande miti. Alifanya kazi hiyo pamoja na mwelekezi kutoka Norway, Julia Dahr. Filamu yao, *Thank You for the Rain*, ilitoka mwaka 2017. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2015, Kisilu alifika Paris kwenye mkutano wa dunia juu ya tabianchi.

Angalia mambo matatu. Kwanza, hakuacha shamba ili awe mtu wa filamu. Shamba lenyewe ndilo lililokuwa hadithi. Pili, kazi ilichukua miaka, si wikendi mbili. Tatu, hakufanya peke yake. Mtu wa muda anaweza kufika mbali, lakini anahitaji subira, na anahitaji watu wanaomwamini. Imani hiyo hujengwa kwa mambo mengi, na mojawapo ni jinsi unavyoshughulikia pesa.

Mfano mwingine ni *Supa Modo* ya mwelekezi Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018. Ile ni kazi ya wataalamu, lakini kisa chake ni cha kijiji kinachoungana kumtengenezea filamu msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema. Watu wa kawaida wanashika kamera, wanashona mavazi, wanaigiza. Ukiitazama kama mwelekezi wa Jumamosi, utacheka na utajiona humo.

Kalenda yako imeandikwa na chai, shule na mvua

Mwelekezi wa Nairobi anaweza kupanga kurekodi mwezi wowote. Huku kwetu, mambo matatu lazima yakutane: pesa, nafasi na jua.

Pesa kwanza. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupata malipo ya kila mwezi kulingana na kilo, kisha malipo ya mwisho ambayo sote tunayaita bonasi. Mwaka wa hesabu wa KTDA huisha Juni 30, na kwa kawaida bonasi hufika kufikia Oktoba. Kiasi chake hakina uhakika, na wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mara nyingi kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Kwa hivyo usiahidi mtu posho kutokana na bonasi ambayo haijaingia.

Nafasi ni ya pili. Kama wewe ni mwalimu, au waigizaji wako ni wanafunzi, una likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka.

Jua ni la tatu. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua hupenda kuja alasiri, pengine na mvua ya mawe. Aprili na Mei ni tope. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari. Hata hapo, ratiba ya busara ni kuanza kurekodi mapema asubuhi, kumaliza nje kabla ya saa nane mchana, kisha kuingia ndani kwa maonyesho ya nyumbani au dukani.

Ukiweka hayo matatu pamoja utaona Desemba inajichagua yenyewe. Bonasi imeshafika, shule zimefungwa, jua lipo. Lakini Desemba hiyo hiyo ina Krismasi, na baada ya wiki chache kuna karo, sare na vitabu. Hapo ndipo filamu nyingi za wikendi hula pesa ya nyumba, au nyumba ikala pesa ya filamu. Dawa yake ni kutenga pesa ya filamu Oktoba, siku ile bonasi inaingia, na si Desemba mkiwa tayari na njaa ya kurekodi.

Miradi inayosubiri mtu wa kuifanya

Wengine husema huku hakuna hadithi, kuna majani tu. Sisi tunaona hadithi zinazotosha kwa miaka.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wa Kipsigis, Chemutoi Ketienya na wenzake, wakiimba wimbo unaoitwa "Chemirocha". Jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Rekodi ile ilisikika duniani kwa miongo mingi. Ilipofika mwaka 2015 ndipo nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii. Je, wajukuu wa walioimba wanaikumbuka vipi? Hiyo ni filamu ya dakika 20 unayoweza kuifanya kwa nauli ya matatu.

Kuna hadithi ya ukoo wa Talai, waliohamishwa kwa lazima kutoka Kericho mwaka 1934 na serikali ya kikoloni iliyoogopa ushawishi wa viongozi wao. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakakaa huko karibu miaka 30. Wazee wanaobeba kumbukumbu hiyo wanazidi kupungua. Mradi kama huo haungoji ufadhili mkubwa. Hata simu yenye kamera nzuri na maikrofoni ya shati inaweza kuokoa ushuhuda kabla mwenyewe hajaondoka.

Na kuna hadithi ya sasa hivi. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuna chai wakisema zinawanyima watu kazi. Mashine moja inachukua nafasi ya mikono mingapi? Aliyekuwa akichuna anafanya nini leo? Na kampuni, je, inasema nini juu ya gharama zake? Filamu nzuri itawasikiliza wote, si upande mmoja.

Chagua moja tu. Mwenye kazi ya wiki nzima hawezi kubeba miradi mitatu kwa pamoja. Mradi wa pili uandike kwa daftari, usubiri.

Hesabu ya filamu fupi

Huu ni mfano wetu wa kukusaidia kupanga, si bei rasmi ya soko. Tuseme filamu ya dakika 15, siku nne za kurekodi, watu wanane: waigizaji wanne, mafundi watatu (kamera, sauti, taa) na wewe mwelekezi.

- Chakula: watu 8, siku 4, sh. 300 kila mmoja = sh. 9,600
- Nauli: watu 8, siku 4, sh. 200 = sh. 6,400
- Posho ya waigizaji: watu 4, siku 4, sh. 1,000 = sh. 16,000
- Mafundi: watu 3, siku 4, sh. 2,000 = sh. 24,000
- Kukodi vifaa: siku 4, sh. 5,000 = sh. 20,000
- Kuhariri: sh. 15,000
- Vibali na dharura: sh. 9,000

Jumla ni sh. 100,000. Ukiweka sh. 10,000 kila mwezi, ni miezi kumi. Ukiweka sh. 5,000 kila mwezi na kuongeza sh. 50,000 kutoka kwa bonasi, bado ni miezi kumi lakini mzigo wa kila mwezi ni nusu. Na ukiona hata hiyo ni nzito, punguza siku za kurekodi kutoka nne hadi mbili. Usipunguze posho ya watu.

Tena angalia: kwa posho pekee, watu saba kwa siku nne ni malipo 28. Ukituma nauli peke yake na posho peke yake yanakuwa 56, na kila moja ina ada yake. Unganisha nauli ya kesho na posho ya leo katika malipo mamoja.

Posho ya mchunaji

Hapa tunaomba usome pole pole. Mchunaji wa majani chai hulipwa kwa kilo. Ukimweka mbele ya kamera kuanzia saa moja hadi saa sita, hizo kilo za asubuhi zimeenda. Kwako ni onyesho la dakika mbili. Kwake ni unga wa jioni. Na majani hayamngoji: kichaka hurudiwa kila baada ya siku saba hadi 14, na yakikomaa kupita kiasi kiwanda hakiyataki.

Kwa hivyo usimwambie "utapata ukitokea kwa TV". Muulize kwa kawaida anachuna kilo ngapi asubuhi, piga hesabu ya malipo yake, na umlipe isiyopungua hiyo. Mlipe siku hiyo hiyo, kabla hamjaachana. Kubalianeni pia nani anabeba gharama ya kutoa pesa kwa wakala. Watu wengi hawasemi kitu, lakini ukituma sh. 1,000 bila ya kutoa, yeye anahesabu amepunjwa. Ukisema mapema "natuma na ya kutoa", umejenga jina.

Kanuni za pesa ya filamu

*Tenga laini au namba.* Usichanganye pesa ya filamu na ya nyumba kwa laini moja. Tumia laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako, au fungua namba ya kupokelea malipo ya biashara, ile watu sokoni huiita tili. Mama watoto au baba watoto ajue kiasi kilichotengwa na ajue mwisho wake ni upi.

*Andika jina la kila malipo.* Simu inakumbuka ulimtumia nani na saa ngapi, lakini haikumbuki kwa nini. Kila jioni, kabla ya kulala, andika kwa daftari: tarehe, jina, kazi, kiasi, na namba ya muamala. Dakika kumi zinatosha.

*Chukua taarifa ya miamala kila mwezi.* Mfadhili, chama au rafiki aliyekuchangia akiuliza pesa ilienda wapi, unampa karatasi, si maelezo. Ukija kuomba pesa ya mradi wa pili, taarifa hiyo ndiyo itakuongelea.

*Hakikisha jina kabla ya kutuma.* Majina ya huku yanafanana: Chepkemoi wako wapo kumi. Jina likitokea kwa skrini, lisome lote. Ukikosea, wasiliana nasi mara moja, usingoje kesho. Pesa ikishatolewa na aliyepokea, kuirudisha kunakuwa kugumu sana.

*Panga na wakala mapema.* Kwa soko dogo, watu saba wakija kutoa pesa jioni moja, wakala anaweza kuishiwa na floti. Mwambie siku moja kabla.

*Usirekodi kwa mkopo wa simu.* Mkopo mdogo wa kukamilisha malipo unaweza kukuokoa jioni moja wakala amefunga. Si njia ya kutengeneza filamu ya siku nne. Soma ada yake kwanza, na ujue tarehe ya kulipa.

Vibali na haki za wengine

Mambo haya yanagharimu, ndiyo maana tumeyaweka kwa hesabu. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura 222, inahitaji kibali cha kurekodi filamu ya kuonyeshwa kwa umma. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, ndiyo hupanga filamu kwa umri wa watazamaji: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Uliza masharti ya sasa kabla ya kurekodi, na lipa kwa njia rasmi tu, upate risiti.

Mashamba makubwa ya chai ni mali ya watu. Barabara inapita katikati, lakini ukishuka na kamera na watu wanane, omba ruhusa kwa maandishi. Ukitaka kurusha droni juu ya yale majani mazuri, unahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Mtoto akiigiza, mzazi aweke sahihi. Na ule wimbo wa Kikalenjin unaoupenda una mwenyewe. Tafuta ruhusa yake kabla ya kuuweka kwa filamu. Wewe nawe ukimaliza kazi yako, unaweza kuisajili kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO.

Matapeli wa "tunatafuta waigizaji"

Ujumbe unakuja: kuna filamu kubwa inarekodiwa Kericho, umechaguliwa, tuma ada ya usajili kwa namba hii. Usitume. Mwelekezi wa kweli hulipa mwigizaji. Hamwombi mwigizaji pesa.

Upande wa mwelekezi nako kuna mchezo wake. Mtu anakukodisha kamera kwa simu, anataka amana yote kabla hujaiona, na jina linalotokea kwa skrini si lake. Nenda ukaione kamera, iwashe, rekodi dakika moja, ndipo ulipe. Na ukiuza tiketi za kuonyesha filamu kanisani au kwa ukumbi wa shule, usiamini ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwa simu ya mtu. Angalia salio lako mwenyewe. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.

Baada ya filamu kuisha

Zamani filamu za lugha za mama ziliuzwa kwa kaseti na DVD, nyingi kutoka River Road, Nairobi. Siku hizi mtu ataiona kwa simu, na pesa ya intaneti huja pole pole, ikija. Lakini usidharau onyesho la nyumbani: projekta ya kukodi, shuka jeupe, ukumbi wa shule, sh. 50 kwa mtu, malipo kwa namba ile ile ya filamu. Wakija watu 120, ni sh. 6,000. Hiyo haitarudisha gharama yote, lakini inalipa kuhariri kwa karibu nusu ya mfano wetu, na wale wachunaji wako watajiona kwa skrini wakiwa wamekaa na watoto wao.

Tume ya filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, ndiyo huandaa tuzo za Kalasha, na imewahi kuendesha shindano la filamu zilizorekodiwa kwa simu. Fuatilia matangazo yake. Mtu mwenye filamu moja iliyokamilika na hesabu safi ana kitu cha kupeleka. Mwenye filamu tano nusu nusu hana.

Kama bonasi yako inakuja Oktoba hii, fanya jambo moja leo: andika jina la filamu yako juu ya ukurasa mpya wa daftari, orodhesha watu utakaowalipa, na mbele ya kila jina andika kiasi na siku. Kisha mwite mwenzako wa nyumbani muisome pamoja. Ukitaka kufungua namba ya biashara au kupata taarifa ya miamala, mwone wakala wetu aliye karibu nawe ukiwa na kitambulisho, au utupigie.